Alichomelea Yeye, Ufa Ukaandikwa Jina Langu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Naishi Rasbura, hapa Lindi mjini. Ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu, yamenikuta mwenyewe, na mpaka leo bado yananikuta... Wenzangu wengi huandika wakiwa wameshatoka kwenye mkasa. Mimi naandika nikiwa ndani yake bado.

Najua wapo watakaoguna. Mwanamke na kuchomelea wapi na wapi? Basi guneni, nimeshazoea! Nilizaliwa Kitomanga, kwa wakulima wa korosho. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukalelewa na mjomba Bakari, kaka yake mama. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kusalimiwa sikukuu tu. Mjomba ndiye anayekuozesha, ndiye anayekuamulia ugomvi, na akishasema, pamesemwa. Ni yeye aliyeniona nikishinda kwa fundi baiskeli badala ya kucheza rede na wenzangu, akawaambia watu wazima kwamba huyu apelekwe chuo cha ufundi. Wajomba wangapi wangelithubutu? Ndiyo maana hata leo nikitaka kumlaumu ulimi unakuwa mzito.

Chuoni ndiko nilikokutana na Issa. Mmatumbi wa huko milimani Kilwa, mwembamba, kimo chetu kimoja, na mdomo wake haukujua kutulia. Mwalimu alituita mapacha, kwa sababu tukishavaa ovaroli na kushusha kofia za kuchomelea usoni hakuna aliyejua nani ni nani. Mimi nikachora ua jekundu kwenye kofia yangu ili angalau nisiitwe Issa. Alinitania kwamba wanawake wa Kimwera humeza waume zao. Nikamwambia Mmatumbi hamezeki, ana miba mingi mno. Basi utani ukaleta ndoa.

Kwetu mwanamume ndiye anayehamia upande wa mke. Issa akaja, mjomba akatupa kiwanja Rasbura, tukajenga. Tulifungua karakana ndogo ya madirisha na mageti. Nilikuwa na furaha jamani! Mchana tunachomelea, jioni tunacheka, watoto wakaja. Kama kuna mtu angeniambia kwamba mume huyu ndiye atakayenizika nikiwa hai, ningempiga na nyundo.

Mambo yalianza kugeuka tulipokwenda kufanya jaribio la kuchomelea chuma kinene. Jaribio lenyewe halina huruma. Unaunganisha vipande viwili, wanavikata, kisha wanavikunja kwenye mashine mbele ya watu wote. Kiungo kizuri kinakunjika. Kibaya kinapasuka. Changu kilikunjika. Cha Issa kilipasuka. Akarudia, kikapasuka tena, na vijana waliokuwa nyuma yetu wakacheka...

Nilipewa muhuri wangu, kipande cha chuma chenye namba ambacho fundi anakigonga kwa nyundo kando ya kila kiungo alichokichomelea, ili siku likitokea la kutokea ajulikane. Siku ile Issa alinipa hongera, akachinja kuku. Nakumbuka alikaa uani akimnyonyoa yule kuku kwa muda mrefu, hasemi neno. Yeye, ambaye hata usingizini alikuwa anaongea! Nilimwona. Nikajisemea moyoni, yatapita.

Basi ikaja kazi ya Nyangamara. Ulikuwa unajengwa mnara wa chuma wa kubebea tangi la maji, na mkandarasi akanichukua mimi kwa ajili ya viungo vizito, vile vya miguu ya mnara. Nilimwombea Issa naye akapata nafasi, achomelee ngazi na vizuizi vya pembeni. Alikubali. Alisema kazi ni kazi.

Sasa nivumilieni kidogo wasomaji wenzangu, maana bila hili hamtaelewa nilivyoangamia. Chuma si chuma tu. Ndani yake mna kaboni, na mna madini mengine kama manganizi na kromu yanayokiongezea nguvu. Mhandisi anachukua cheti cha chuma, anajumlisha ile kaboni na mafungu ya yale madini mengine, anapata namba moja. Wao wanaiita kaboni linganifu. Mimi naiita hasira ya chuma. Namba ikiwa ndogo, chuma hicho ni mpole, kichomelee utakavyo. Ikiwa kubwa, na chuma chenyewe ni kinene, ole wako ukikichomelea kikiwa baridi! Ule ubaridi unanyonya joto kwa ghafla, kiungo kinakuwa kikavu na kigumu, ugumu wa kuvunjika, si wa kustahimili. Pakiwa na unyevu au mafuta, ndiyo mbaya zaidi, hewa yake inajificha humo ndani. Na hakipasuki ukiwa unakiangalia... Unaondoka umeridhika, unakula, unalala, na kesho yake au keshokutwa chuma kinapasuka chenyewe, ufa mwembamba hata jicho haliuoni.

Dawa yake ni kukipasha moto kwanza. Unatumia tochi ya gesi, taratibu, pande zote mbili za kiungo, mpaka joto liingie ndani kabisa. Tunayo chaki maalumu, unachora kwenye chuma, na ikiyeyuka ndipo unajua sasa kiko tayari. Chuma cha miguu ya mnara wa Nyangamara kilikuwa na hasira. Mhandisi wetu, kijana mpole asiye na makuu, alitukusanya akatueleza mapema kwamba hapa hakuna mkato, hakuna kuchomelea bila kupasha. Nilikubaliana naye kabisa. Kila kiungo nilichogusa mimi kilipashwa, na chaki iliyeyuka nikiiona.

Kazi ikiwa katikati, ikafika likizo ya shule, na binti wa dada yangu akawa anachezwa unyago huko Kitomanga. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda. Somo hakatai! Na somo akishaingia ndani na mwali hatoki mpaka shughuli iishe. Nilimweleza msimamizi wa saiti. Mhandisi alikuwa safarini Dar, gesi nayo ilikuwa imekwisha na mtungi mwingine haujaletwa. Msimamizi akaniambia niende tu, kazi ya miguu itasubiri gesi, na kwa mhandisi nitahesabika kuwa nipo. Nikaona ni wema. Nikaacha ovaroli yangu, kofia yangu na muhuri wangu kwa Issa. Ningemwachia nani mwingine? Mtu na mumewe!

Niliporudi nilikuta miguu imekamilika, imepakwa na rangi. Nilishangaa. Issa akasema msimamizi alileta fundi kutoka Mtwara kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua mradi. Nilimwuliza msimamizi kama chuma kilipashwa. Akacheka, akasema kilipashwa mpaka majirani wakatoka kuangalia moto. Kulikuwa na nini cha kubishia? Nilichukua vitu vyangu nikaendelea na kazi.

Siku ya kujaza tangi kwa majaribio, kijiji kizima kilikuja. Wanawake wa kikundi cha kubangua korosho, ambao banda lao liko jirani na mnara, walikuja na ndoo zao wakiimba. Kiongozi wao Bi Somoe, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha waliolala, alikuwa ameshajipanga mbele ya bomba. Watu wote walikuwa wanaangalia juu, kwenye tangi. Mtu mmoja tu alikuwa anaangalia chini, kwenye mguu wa mnara. Issa. Asubuhi yote hakubandua macho pale. Nilidhani anaomba dua.

Ghafla ukasikika mlio... Pa! Mkali, mfupi. Kabla hatujajua ni nini, Issa alikuwa tayari anakimbia, tena anakimbilia kule kule kwenye mnara, akipiga kelele, "Tokeni! Jamani tokeni! Utaanguka!" Akawasukuma wale akina mama, akamkokota Bi Somoe kwa mkono. Mnara ukainama, maji yakamwagika kama mto, na mkono wa chuma uliokuwa umeshikilia miguu ukafyatuka. Wanawake wote walitoka salama. Issa hakuwahi. Kile chuma kilimpiga kiunoni, na miguu yake haijamtii tangu siku ile.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mume wangu! Alipolazwa hospitali nililala sakafuni chini ya kitanda chake. Watu walikuja kwa makundi kutoka Nyangamara wakileta mihogo, kuku na machungwa, wakimwita shujaa. Hata mimi nilimwita shujaa. Kwa nini nisimwite?

Kisha nikaitwa saiti. Msimamizi alikuwa amekwangua rangi kwenye mguu uliopasuka, na kando ya ufa palikuwa na namba. Niliisoma mara moja, nikaisoma tena. Ilikuwa yangu! Nikasema mimi sikuwepo, nilikuwa Kitomanga kwenye unyago, na msimamizi anajua. Msimamizi akaangalia pembeni, akasema hana habari hiyo, yeye anajua nilikuwa kazini. Vibarua wa kijijini wakaulizwa, nao wakaapa kwamba waliniona kwa macho yao nikichomelea mguu ule, nikiwa na ile kofia yangu yenye ua jekundu. Na hawakuwa waongo. Waliona walichokiona.

Niliinama kwenye ule ufa. Ndani yake mlikuwa na weusi unaong'aa, wa mafuta mafuta. Nikanusa... Mtu aliyekulia kwenye korosho haulizi harufu ile ni ya nini. Ni ganda la korosho lililoungua, lile lenye utomvu unaobabua vidole vya wabanguaji. Moto wake ni mkali kweli, unawaka kuliko kuni. Lakini unababua chuma juu juu tu, ndani kunabaki baridi, na moshi wake unaacha mafuta kwenye kila kitu. Gesi haikuwepo, banda la wabanguaji liko hatua chache tu pale, maganda yamerundikwa bure. Nani angefikiria kupasha chuma kwa maganda ya korosho isipokuwa mtu anayejua kwamba lazima kipashwe, ila hajui kwa nini?

Fundi wa Mtwara hakuwahi kuwepo. 

Issa aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilisubiri wageni waondoke, nikafunga mlango, nikamwuliza. Hakukana. Alisema msimamizi alikuwa analia na gesi na mgeni rasmi, naye akaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba na yeye anaweza. Alitaka mnara usimame, kisha siku moja aniambie, "Ule mguu ni wa kwangu." Msimamizi alimkubalia kwa sharti kwamba itabaki siri. Akavaa vitu vyangu. Akagonga muhuri wangu.

Nikamwomba aseme ukweli kwa mhandisi. Nilipiga magoti wasomaji wenzangu, mimi niliyekosewa ndiye niliyepiga magoti! Akaniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Miguu imekwenda. Ufundi umekwenda. Nimebaki na jina la ushujaa tu, mke wangu. Nalo unataka kuninyang'anya?"

Ni kweli aliwaokoa wale wanawake. Na ni kweli ndiye aliyetaka kuwaua. Yote mawili ni yeye.

Ijumaa baada ya swala mjomba Bakari akaita kikao nyumbani kwangu. Alikuja na wazee, akaja na dada yangu na wanawake waliokuwa nami kwenye unyago. Nilifurahi. Nilijua hawa ndio mashahidi wangu, leo nitasafishwa! Nikaamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Mjomba akasema ameshazungumza na msimamizi. Likisemwa la kweli, Issa atachukuliwa na polisi hivyo hivyo alivyo kitandani, na watoto watakuwa watoto wa mfungwa kilema. Likisemwa kwamba mimi nilisahau kupasha kiungo kimoja, kimoja tu, nitaachishwa kazi, kiungo kitatengenezwa, na mambo yatakwisha. Akawageukia wale wanawake akawaambia yaliyo ya unyago yabaki ya unyago. Dada yangu mwenyewe akainamisha kichwa. Mjomba akamalizia, "Wewe una mikono, mwanangu, utakula. Mwenzio hana miguu. Bebeni pamoja."

Hakuna aliyeniuliza ninaonaje. Kwetu mjomba akishasema hivyo, kumbishia ni kujitoa kwenye ukoo. Na hawa walionizunguka ndio watu pekee duniani waliojua nilipokuwa siku zile!

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilikuwa nalishwa peke yangu, wao wananishikia sahani.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Asubuhi namgeuza Issa, namsafisha, namlisha uji. Mchana wanakuja wageni kumjulia hali, wanampa mkono, wananipita mimi mlangoni. Mama mmoja alikataa hata maji yangu. Binti yangu alirudi shuleni akaniuliza kama ni kweli baba aliwaokoa watu ambao mama alitaka kuwaua. Nikamtazama Issa. Alisikia. Akageuza uso ukutani...

Mwenzenu nilianza kukubali. Naam, nilishajiambia nitasema ni mimi. Nitoke saiti, nirudi kwenye mageti, watoto wakue. Lakini kuna swali moja lilikataa kuniacha. Issa alichomelea viungo vingapi? Nikisema nilisahau kimoja, watatengeneza kimoja na kujaza tena tangi. Vingine vyote vina namba yangu, na kwa nje vyote vinafanana. Akina mama watarudi na ndoo zao pale pale chini.

Nilimwuliza wakati namkausha mgongo kwa taulo. Akasema kimoja. Nikamwambia anitazame usoni aseme tena. Hakunitazama. Nilimfahamu mume wangu tangu chuoni. Alipokuwa anasema kweli alikuwa haachi kuongea. Akidanganya, alikuwa anatumia neno moja.

Siku ya kutoa maelezo ikafika. Mhandisi alikuja mwenyewe Nyangamara, msimamizi yupo, mjomba naye alikuja, akasimama ninapoweza kumwona. Mhandisi akaniuliza kwa upole, "Dada, nimeambiwa kiungo kilichosahaulika ni kimoja. Ni kweli? Kama ni kimoja tutakirekebisha wiki hii, watu wapate maji. Kama si kimoja, itabidi mnara wote usimame bila maji."

Wanakijiji walinung'unika. Walikuwa wanataka maji, na nani angewalaumu? Mjomba akaniangalia. Msimamizi akaniangalia. Pembeni Bi Somoe na wenzake walikuwa wamesimama chini ya ule mnara ulioinama, kwenye kivuli chake, wanasubiri kusikia. Kwenye kivuli chake! Nikafungua mdomo niseme kimoja...

Nikasema, "Sijui ni vingapi. Sijui kwa sababu si mimi niliyevichomelea."

Mjomba aligeuka akaondoka pale pale. Hakusubiri nimalize.

Nilisema yote. Msimamizi akaniita mwongo, mwanamke anayemsingizia mgonjwa wake. Watu wakaanza kunizomea. Mhandisi akanyamazisha watu, akatoa dawa ya kupimia nyufa. Unaikwangua rangi, unapaka dawa nyekundu, unaifuta, halafu unapuliza unga mweupe. Kama chuma ni kizima kinabaki cheupe. Alianza na mguu nilioufanya mimi kabla ya kuondoka. Ukabaki mweupe. Akaenda wa pili, ambao haukuwa umepasuka, ambao wote walidhani ni mzima. Tulisubiri. Ukatokea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ukajichora kutoka upande mmoja mpaka mwingine... Akaenda wa tatu. Nao vile vile!

Hakuna aliyezomea tena. Mhandisi akachukua grenda, ile mashine ya kusaga chuma, akachimba kidogo kwenye ule mstari. Moshi ukatoka, na Bi Somoe aliyekuwa amesogea kuangalia akarudi nyuma ameziba pua. "Hee! Hayo si maganda yetu hayo?" akasema. "Lakini aliyekuja kuchukua viroba vya maganda alikuwa Issa. Akatuambia mke wake ndiye kamtuma." Kisha akaweka mkono mdomoni, maana ndipo alipoelewa. Mtu aliyemwokoa!

Alilia yule mama. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka sana.

Msimamizi alifukuzwa, na polisi walimchukua kwa mahojiano. Mimi nilisafishwa jina la kuchomelea vibaya, lakini nami niliachishwa, kwa kuwa niliondoka saiti bila ruhusa ya mhandisi na kumwachia mtu mwingine muhuri. Sikupinga. Miguu mibovu ilikatwa yote, ikachomelewa upya na mafundi wengine, na watu wa Nyangamara walikaa muda mrefu wakifuata maji mbali kama zamani. Nikipita huko hawanizomei, ila hawanisalimii kwa furaha. Mtu akikucheleweshea maji hukumbuki kwamba amekunusuru.

Polisi walikuja mpaka kitandani kwa Issa. Aliulizwa, akafumba macho. Wakaondoka, wakasema watarudi akipata nafuu. Ndugu zake wa Kilwa niliwapigia simu waje wamchukue. Wakaniambia huyo alishahamia kwenu, ni wenu. Mjomba naye amekata mguu kuja kwangu. Dada yangu anakuja kwa kujificha, ananiletea unga, ananiambia nimwombe mjomba radhi. Radhi ya nini? Ya kusema kweli?

Basi ndivyo tulivyo. Nimerudi kwenye mageti yangu na madirisha. Asubuhi namgeuza, namsafisha, namlisha. Talaka hataki kunipa, na mimi kuondoka siwezi, kwa sababu nyumba ni yangu na mgonjwa ni wangu. Nani atamlisha? Tangu siku ile niliyotoa maelezo hajaniambia neno, mtu aliyekuwa haachi kuongea! Wakati mwingine namchukia mpaka naweka kijiko chini, natoka nje. Wakati mwingine namkumbuka yule kijana wa chuoni, namhurumia, narudi nakichukua tena.

Wasomaji wenzangu, ninyi ambao bado hamjafika hapa, nawaombeni sana. Ukiona mwenzio ana aibu moyoni, usijiambie itapita. Kaa naye, mzungumze mapema, hata kama mtagombana. Mimi nilimwona akimnyonyoa yule kuku nikanyamaza, nikidhani namheshimu. Na wewe uliyeshindwa jambo, sema umeshindwa! Hakuna aliyekufa kwa kufeli jaribio. Wala jina lako la kazi usimwachie mtu, awe mume, awe ndugu, kwa sababu siku ya kuulizwa utaulizwa wewe. Na mkubwa wako akikuambia ubebe kosa lisilo lako ili watu walale salama, tazama kwanza ni akina nani watakaosimama chini ya kosa hilo.

Jana jirani mpya, asiyejua habari zetu, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaniuliza ni nini kilichomsibu. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasubiri, nikasema labda leo atajibu mwenyewe... Nilisikia Issa akivuta pumzi. Kisha akamwambia, "Ajali ya kazi."

Nikaendelea kuosha vyombo.